Daraja Litanepa Kiasi Gani Baada ya Miaka 30? Mwongozo Kamili wa Kukadiria Mnepo wa Zege Lililokazwa kwa Nyaya

Ukimwuliza mhandisi daraja lake litashuka kiasi gani katikati baada ya miaka 30 na akakujibu "milimita 42", basi, mwombe akuonyeshe hesabu. Si kwamba anadanganya. Tatizo ni kwamba jibu la namba moja halipo, na anayelitoa bila kusita huenda hajui namba hiyo imetoka wapi. Mwongozo huu ni kwa mhandisi kijana, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, au msimamizi wa barabara aliyekabidhiwa ripoti yenye grafu nzuri na anataka kujua aiamini kwa kiasi gani.

Kwanza tukubaliane maneno. Zege lililokazwa kwa nyaya ni lile lenye nyaya za chuma zilizovutwa kwa nguvu ili zilibane. Kunepa ni kupinda kwa kulemewa, kama tawi la mwembe lililojaa maembe, hivyo kiasi ambacho daraja limeshuka nakiita mnepo. Utambaaji ni tabia ya zege kuendelea kujifinya polepole likiwa chini ya mzigo uleule, mwaka baada ya mwaka. Usinyaaji ni kufupika kwa zege kadiri linavyopoteza maji, hata kama hakuna mzigo wowote. Kulegea ni kwa chuma: waya uliovutwa na kufungwa ncha zote mbili hupoteza sehemu ya mvuto wake taratibu. Haya matatu huchocheana. Zege likitambaa na kusinyaa, nyaya hufupika na kupoteza nguvu. Nyaya zikipoteza nguvu, boriti hushuka zaidi.

Kisa cha Palau

Mwaka 1977 katika visiwa vya Palau, bahari ya Pasifiki, lilikamilika daraja la kuunganisha Koror na Babeldaob. Uwazi wake mkuu, kutoka nguzo hadi nguzo, ulikuwa mita 241, mrefu kuliko daraja jingine lolote la aina yake duniani wakati huo: boriti ya sanduku ya zege, yaani yenye uwazi ndani, iliyojengwa kwa mikono miwili inayokuja kukutana katikati kwenye bawaba. Hesabu za usanifu zilitarajia mnepo wa nusu mita hivi kwa muda mrefu. Baada ya miaka 18 katikati palikuwa pameshuka takriban mita 1.39 tangu ujenzi uishe, na nyaya zilipopimwa zilikuwa zimepoteza karibu nusu ya mkazo wake. Daraja likakarabatiwa, likaongezewa nyaya. Miezi mitatu hivi baadaye, tarehe 26 Septemba 1996, likaanguka, na watu 2 wakafa.

Takwimu za kiufundi za kisa hicho zilifungiwa kwa miaka mingi kwa sababu za kisheria, hadi mwaka 2008 zilipotolewa. Zdeněk Bažant na wenzake wa Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, wakazichambua upya, kisha wakakusanya takwimu za madaraja mengine zaidi ya 50 yaliyonepa kuliko ilivyotarajiwa. Kwa hiyo Palau halikuwa daraja la mkosi. Kanuni zilizotumika wakati ule zilidhani utambaaji hufika mahali ukakoma, ilhali vipimo vilionyesha unaendelea kwa miongo kadhaa. Kila hatua hapa chini ina alama ya kosa hilo.

Hatua ya 1: Jua swali ni lipi

Mnepo wa muda mrefu unaulizwa kwa sababu tofauti, na kila sababu ina hesabu yake. Fundi anayefunga fomu (ukungu wa kumwagia zege) anataka kujua aiinue kiasi gani mapema ili daraja likishuka liwe sawa. Anayechagua bearing (viegemeo ambavyo boriti hukalia) na viungo vya upanuzi anataka kujua daraja litafupika kiasi gani kwa urefu, na mnepo haumhusu. Msimamizi wa miaka ya baadaye anataka kujua kama mshuko anaouona ni wa kawaida au ni dalili ya nyaya kukatika. Huyu wa tatu ndiye mwenye swali gumu kuliko wote. Wa kwanza anahitaji wastani. Wa tatu anahitaji mipaka ya juu na ya chini.

Hatua ya 2: Kusanya takwimu za saiti, usiridhike na za kwenye michoro

Hapa ndipo wengi huchoka mapema, na ndipo makosa mengi huzaliwa. Unahitaji:

Nguvu ya zege ya silinda, si ya kyubu. Saiti zetu hupima kyubu. Zege la gredi C45/55 lina MPa 45 kwa silinda na 55 kwa kyubu, na kanuni za utambaaji zinataka ya silinda. Ukiingiza 55 mahali pa 45 katika mfano nitakaoutoa hapa chini, kizigeu cha utambaaji (utambaaji ni mara ngapi ya mfinyo wa papo hapo) kinashuka kutoka 1.78 hadi 1.53. Umejipunguzia asilimia 14 kwa kusoma safu isiyo yake, na hakuna programu itakayokuonya.

Aina ya kokoto. Moduli ya unyumbufu, yaani kipimo cha ugumu wa zege, haitegemei nguvu peke yake. Eurocode 2, kanuni ya Ulaya ya usanifu wa zege (toleo la 2004), inasema ukitumia kokoto za chokaa upunguze thamani ya kawaida kwa asilimia 10, za mchanga-mwamba upunguze asilimia 30, na za basalti uongeze asilimia 20. Anayejenga kwa basalti ya nyanda za juu na anayejenga kwa mawe ya chokaa ya pwani hawana zege moja, hata kama kyubu zao zimevunjika kwa namba ileile. Kama bajeti inaruhusu, pima moduli yenyewe. Ni kipimo cha bei nafuu kuliko vyote nitakavyovitaja.

Unyevu wa hewa. Chukua wastani wa mwaka wa mahali penyewe. Dar es Salaam au Mombasa utakuwa kwenye asilimia 75 na kuendelea. Bara pakavu kama Dodoma ni chini ya hapo. Tofauti hiyo inabadilisha matokeo kwa asilimia 20 hivi, kama utakavyoona.

Siku ya kukaza nyaya, iliyo kwenye daftari la saiti. Michoro inasema siku 7. Daftari litakwambia kwamba boriti ya tatu ilikazwa siku ya 4 kwa sababu fomu ilihitajika, na ya tisa siku ya 19 kwa sababu jeki iliharibika.

Rekodi ya kukaza: nguvu ya jeki na urefu ambao waya ulirefuka. Urefu uliopimwa ukitofautiana na uliokokotolewa kwa zaidi ya asilimia 5, msuguano ndani ya mabomba ya nyaya si ule uliodhaniwa, na nguvu iliyopo katikati ya boriti si ile uliyoandikiwa.

Uzito halisi. Fomu hujaa tumbo, slabu huwa nene kuliko mchoro, lami huongezwa tabaka juu ya tabaka. Usidharau asilimia 3 ya uzito, tutairudia.

Hatua ya 3: Kokotoa utambaaji na usinyaaji

Nitatumia kanuni ya kiambatisho B cha Eurocode 2, kwa kuwa inaingia kwenye lahajedwali bila shida na wengi wanayo. Boriti yetu ya mfano ina urefu wa mita 30, inakaa kwenye nguzo mbili tu, eneo la mkato Ac = 0.6 m², inasha (kipimo cha jinsi mkato unavyokataa kupinda) Ic = 0.20 m⁴, na mzingo unaokutana na hewa u = 6.0 m. Zege ni C45/55, kwa hiyo nguvu ya wastani fcm = 53 MPa na moduli ni 36 GPa. Unyevu (RH) ni asilimia 75.

Unene wa kulinganisha, h0 = 2Ac/u = 200 mm. Namba hii inaeleza zege linakauka haraka kiasi gani.

Kizigeu cha mwisho cha utambaaji ni zao la vitu vitatu:

φ0 = φRH × β(fcm) × β(t0)

φRH = [1 + (1 − RH/100) / (0.1 × ∛h0) × (35/fcm)^0.7] × (35/fcm)^0.2 = 1.21

β(fcm) = 16.8/√fcm = 2.31

β(t0) = 1/(0.1 + t0^0.2), ambapo t0 ni umri wa zege kwa siku lilipobebeshwa mzigo. Kwa siku 7 ni 0.63, kwa siku 28 ni 0.49.

Boriti ikikazwa siku ya 7, φ0 = 1.78. Ikisubiri hadi siku ya 28, ni 1.37. Ihamishie bara kavu kwa unyevu wa asilimia 55, ikazwe siku ya 7, unapata 2.12. Linganisha hizo namba tatu kwa makini: subira ya wiki tatu kabla ya kukaza inapunguza utambaaji kuliko kuhamisha daraja kutoka bara kavu hadi pwani. Mkandarasi mwenye haraka na ratiba hapendi kusikia hilo.

Kasi ya utambaaji kwa muda ni hii:

βc = [(t − t0) / (βH + t − t0)]^0.3, ambapo t ni umri wa zege kwa siku, na kwa boriti yetu βH ni siku 548.

Baada ya siku 60 kanuni inasema nusu ya utambaaji imeshaisha. Mwaka mmoja, asilimia 76. Miaka 10, asilimia 96. Miaka 50, asilimia 99. Simama hapo kidogo. Kati ya mwaka wa 10 na wa 50 kanuni hii haioni karibu kitu chochote kikitokea, na vipimo vya Palau na madaraja mengine vilionyesha kinyume. Mchoro wa mshuko wao dhidi ya muda kwenye skeli ya logi (kila hatua ni muda mara kumi) uliendelea kuteremka kama mstari ulionyooka. Kamati ya Eurocode 2 ya madaraja iliitambua kasoro hiyo, ikaweka kizidishio cha tahadhari kwa hesabu za muda mrefu: 1.07 kwa miaka 5, 1.1 kwa miaka 10, 1.17 kwa miaka 50 na 1.2 kwa miaka 100. Kwa daraja la kawaida la boriti fupi, hicho kinatosha. Kwa uwazi wa mita 100 na zaidi, tafuta modeli ya B4 ya Bažant, ambayo haina mahali pa kukoma, na uilinganishe na hii. Zikitofautiana sana, umeshapata ishara ya ukubwa wa usichokijua.

Usinyaaji wa boriti yetu kwa unyevu wa asilimia 75, kukauka na kule kwa ndani kwa pamoja, ni sehemu 314 kwa kila milioni ya urefu. Kwa asilimia 55 ni 414.

Kabla ya kuendelea, kwa mwenye swali la viungo vya upanuzi: utambaaji na usinyaaji wa boriti hii vitaifupisha kwa milimita 18 hivi. Daraja endelevu la mita 300 lenye tabia hiyo litafupika milimita 180, nje ya joto na baridi. Nimewahi kusimama juu ya kiungo kilichochaguliwa kwa joto peke yake. Mwanya ulikuwa umepanuka hadi unaweza kuangusha chupa ya maji ikapita yote.

Hatua ya 4: Kokotoa hasara ya mkazo

Nguvu ya nyaya baada ya hasara za papo hapo, katika mfano wetu, ni 4,000 kN, kwa mvuto wa 1,300 MPa, zikishuka hadi mita 0.6 chini ya kitovu cha mkato katikati ya boriti. Hasara za muda mrefu zina sehemu tatu:

usinyaaji: 314 × 10⁻⁶ × 195,000 (moduli ya waya kwa MPa) = 61 MPa

kulegea kwa waya: 55 MPa, ikizidishwa na 0.8 ni 44 MPa

utambaaji: mkandamizo wa zege mahali pa nyaya (6.8 MPa) × uwiano wa moduli (5.4) × kizigeu (1.7) = 63 MPa

Jumla ni 168 MPa. Lakini zege linapofupika linailegeza waya, na waya ikilegea inapunguza mkandamizo, kwa hiyo kanuni inagawanya jumla hiyo kwa namba inayozidi moja kidogo, hapa 1.14. Inabaki 148 MPa, yaani asilimia 11 ya mvuto wa awali.

Sehemu ya kulegea ndiyo wengi wananakili kutoka karatasi ya kiwanda bila kufikiri. Karatasi hiyo inaeleza kipimo cha saa 1,000 kwenye nyuzi 20. Ndani ya boriti inayopigwa na jua la Lamu au Lodwar, chuma hakipo kwenye nyuzi 20 mchana, na joto huharakisha kulegea. Usiongeze namba ya kubuni, ila usiifanye hasara hii iwe ya chini kabisa katika hesabu yako.

Hatua ya 5: Jumlisha minepo, kisha uone inavyoteleza

Uzito wa boriti ni 15 kN/m, unaanza kubebwa siku ya 7. Lami, vizuizi na kingo ni 6 kN/m, vinawekwa siku ya 60. Nimeacha slabu ya juu makusudi ili namba zionekane, tutairudia.

Mnepo wa papo hapo ni 5wL⁴/384EI, ambapo w ni mzigo kwa mita, L urefu, E moduli na I inasha. Uzito wa boriti unaishusha 22.0 mm. Nyaya zinaiinua kwa nguvu sawa na mzigo wa 8Pe/L² = 21.3 kN/m kwenda juu (P ni nguvu ya nyaya, e umbali wake chini ya kitovu), yaani 31.3 mm. Siku ya kukaza, boriti imeinuka 9 mm.

Sasa miaka 50 baadaye, kwa kizigeu cha 1.76 (asilimia 99 ya 1.78) kwa mzigo wa siku ya 7, na 1.17 kwa ule wa siku ya 60:

uzito wa boriti: 22.0 × (1 + 1.76) = 60.7 mm chini

lami na vizuizi: 8.8 × (1 + 1.17) = 19.1 mm chini

nyaya, kama zisingepoteza nguvu: 31.3 × 2.76 = 86.3 mm juu

hasara ya asilimia 11.4 ya nyaya: 3.6 × (1 + 0.8 × 1.76) = 8.6 mm chini

Hiyo 0.8 ni kwa sababu hasara haikuja siku moja. Ilikuja polepole juu ya zege linalozeeka, na zege lililozeeka hutambaa kidogo.

Jibu ni 86.3 − 60.7 − 19.1 − 8.6, yaani 2 mm chini. Boriti iliyokuwa imeinuka 9 mm imeshuka hadi 2 mm chini ya mstari.

Mtu akisoma 2 mm atasema safi kabisa. Angalia lakini imetokana na nini: 86 juu na 88 chini. Ni tofauti ndogo ya namba mbili kubwa, kama faida ya duka la rejareja. Mauzo milioni, manunuzi milioni kasoro kidogo, na kosa dogo kwenye daftari moja linageuza faida kuwa hasara.

Tufanye majaribio. Ongeza utambaaji wote kwa asilimia 20, ambacho ni kiwango cha kutotabirika ambacho Eurocode 2 yenyewe inakikiri. Hasara ya nyaya inapanda hadi asilimia 12 hivi. Jibu bado ni 2 mm na kitu! Utambaaji umekuza kinachoinua na kinachoshusha kwa pamoja, vikafutana. Sasa rudisha utambaaji ulivyokuwa, ila hasara ya nyaya iwe asilimia 20 badala ya 11. Jibu linakuwa karibu 9 mm. Au acha nyaya, ongeza uzito kwa asilimia 3 ile ya fomu zilizojaa tumbo: 2.4 mm zaidi, mnepo umezidi mara mbili.

Kwa hiyo katika boriti iliyosawazishwa vizuri, usipoteze wiki nzima ukibishana modeli ipi ya utambaaji ni bora. Itumie wiki hiyo kuhakikisha nguvu ya nyaya na uzito. Lakini usilichukue hili kama kanuni ya kila daraja. Katika mikono mirefu kama ya Palau, nyaya hazisawazishi uzito wote. Kinachobaki bila kusawazishwa kinazidishwa na utambaaji wote, na hapo modeli ndiyo inayoamua. Kabla ya kuanza, kokotoa uwiano wa mzigo wa nyaya kwenda juu na uzito wa kudumu kwenda chini. Ukiwa karibu na moja, hofia nyaya. Ukiwa mbali, hofia utambaaji.

Na kama boriti ina nyufa chini ya uzito wa kudumu, yote niliyoandika hapa hayafai. Inasha imeshabadilika.

Hatua ya 6: Slabu ya juu na daraja linalojengwa vipande vipande

Slabu inayomwagwa juu ya boriti ya miezi miwili ni kijana aliyeolewa na mtu mzima. Slabu inataka kusinyaa, boriti imeshamaliza sehemu kubwa ya usinyaaji wake, basi slabu inaivuta boriti kwa upande wake wa juu, na boriti inapinda kwenda chini. Nguvu hiyo ni tofauti ya usinyaaji uliobaki wa slabu na wa boriti, mara moduli ya slabu iliyopunguzwa, E/(1 + 0.8φ), mara eneo lake. Izidishe kwa umbali kutoka katikati ya slabu hadi kitovu cha mkato mzima, unapata momenti (nguvu ya kupinda) unayoiweka kwenye boriti nzima. Hakuna la zaidi, ila usilisahau.

Daraja la boriti ya sanduku linalojengwa kwa mikono miwili, kwa vipande vya mita 3 hadi 5 kila wiki hivi, ni jambo zito zaidi. Kila kipande kina umri wake, na mkato hubadilika. Hapo huna budi kutumia programu yenye hatua za muda. Panga hatua ziongezeke kwa logi: siku 1, 3, 10, 30, 100, na kuendelea hadi siku 10,000 na zaidi, pamoja na hatua kila kipande kinapomwagwa na kila waya inapokazwa. Zile za kila mwezi kwa miaka 50 zinamaliza kompyuta bila faida.

Mambo mawili programu nyingi huyaacha kama hukuyaagiza.

La kwanza ni unene tofauti ndani ya mkato mmoja. Slabu ya juu ya sanduku inaweza kuwa 250 mm na slabu ya chini karibu na nguzo 900 mm, zote zikikauka pande mbili. Kwa kanuni ileile ya usinyaaji, ya kwanza inafika nusu ya kukauka kwa siku 158. Ya pili, kwa siku 1,080, karibu miaka mitatu. Kwa miaka ya mwanzo slabu ya juu inasinyaa kabla ya ya chini, na mkono wa daraja unainuka! Mhandisi anaona daraja halishuki, anafurahi. Kisha slabu ya chini inaanza kufuata, na mshuko unakuja baadaye kwa kishindo. Ukiipa programu unene mmoja wa wastani kwa mkato mzima, haya yote hayatatokea kwenye skrini yako. Gawa mkato: juu, kuta, chini. Na slabu ya juu ikishafunikwa na lami hukauka upande mmoja tu, kwa hiyo h0 yake inazidi mara mbili kuanzia siku hiyo.

La pili ni mabadiliko ya mfumo. Mikono miwili ikishaunganishwa katikati bila bawaba, daraja linakuwa endelevu, lakini momenti zake bado ni za mikono. Utambaaji utazihamisha polepole kuelekea zile ambazo zingekuwepo kama daraja lingejengwa lote siku moja. Safari hiyo inafika asilimia ya φ/(1 + 0.8φ). Kwa φ iliyobaki ya 1.3, hiyo ni 0.64, kama theluthi mbili ya njia. Namba hii ikague kwa mkono kila unapopokea matokeo ya programu. Programu ikikwambia 0.9 au 0.2, kuna hatua imeingizwa vibaya.

Hatua ya 7: Toa mipaka, usitoe namba

Rudia hesabu yote mara kadhaa. Utambaaji uzidishe na kupunguza kwa asilimia 20, usinyaaji kwa 30, moduli kwa 10, uzito kwa 3, hasara ya nyaya hadi kiwango cha juu unachokiamini. Si lazima ufanye bahati nasibu ya maelfu ya majaribio. Kwa boriti fupi majaribio 10 yaliyochaguliwa kwa akili yanatosha. Kwenye ripoti andika: "Katikati ya boriti inatarajiwa kuwa kati ya 3 mm juu na 12 mm chini baada ya miaka 50, na kinachoathiri zaidi ni nguvu ya nyaya." Mteja atalalamika kwamba anataka namba moja. Mpe wastani kwa ajili ya kuinua fomu, na mipaka kwa ajili ya mengine yote.

Hatua ya 8: Pima daraja lenyewe

Hesabu inaisha daraja likikabidhiwa. Kuanzia hapo mwalimu ni daraja.

Weka alama za shaba za kudumu juu ya slabu, mwanzo, robo, katikati na kwenye kila nguzo, kabla lami haijamwagwa, na nyingine kwenye mwamba nje ya daraja. Kipimo cha kwanza kifanyike siku nyaya zinapokazwa. Ukikikosa hicho, huwezi kukirudisha. Kisha baada ya wiki, mwezi, miezi 3, mwaka, na kila muda ukizidi mara mbili au tatu.

Pima alfajiri. Hili nalisema kwa uchungu. Niliwahi kupewa ripoti ya daraja moja iliyosema mnepo umepungua, daraja limeinuka milimita kadhaa ndani ya mwaka, na waliopima wakasifu ubora wa zege. Nikauliza saa ya kupima. Mwaka wa kwanza saa kumi na mbili asubuhi, mwaka wa pili saa nane mchana. Jua lilikuwa limeichoma slabu ya juu tangu asubuhi, ikapanuka kuliko ya chini, daraja likabinuka mgongo. Hakuna kilichoinuka ila joto. Kila kipimo kiwe kabla ya jua kuchomoza, magari yakiwa yamesimamishwa, na joto la zege juu na chini liandikwe pembeni.

Ukishapata vipimo vya miaka mitatu, chora mshuko dhidi ya logi ya muda. Chukua mfano: daraja refu lilishuka 20 mm mwaka wa kwanza na 29 mm kufikia mwaka wa tatu. Ongezeko ni 9 mm kwa muda uliozidi mara tatu, yaani 19 mm kwa kila muda unaozidi mara kumi. Kutoka mwaka wa 3 hadi wa 30 muda umezidi mara kumi, basi tarajia 29 + 19 = 48 mm. Kanuni inayokoma ingekwambia kidogo zaidi ya 35. Linganisha mstari wako na mipaka ya hatua ya 7. Ukiwa ndani, punguza mipaka na uandike upya makadirio. Ukipita mpaka wa chini, anza na rekodi ya kukaza nyaya, halafu uzito wa lami iliyoongezwa. Mstari ukipinda ghafla kwenda chini baada ya kunyooka miaka mingi, usikae kuhesabu. Fungua sanduku, ingia na tochi, angalia kutu kwenye mabomba ya nyaya na nyufa kwenye kuta, na magari mazito yasipite hadi umalize.

Daftari la vipimo, lenye saa, joto, jina la kifaa na namba ghafi kabla ya kusahihishwa, liwekwe mahali atakapoliona atakayekuja miaka 20 baadaye. Nakala moja ya karatasi na moja ya kompyuta, kwa sababu faili la programu ya leo huenda lisifunguke wakati huo.